Misumari ya Wakwe

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa nyumba ya fundi viatu, pale barabara inapokata kona ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Mguu mmoja wa benchi hilo ni mfupi kuliko mingine, kwa hiyo wakaaji wake hukaa wameinamia upande mmoja, na mpita njia asiyewajua hudhani wanasikiliza ugomvi wa jirani. Mara nyingi hakosei. Hapo utamkuta Rimoti, kinyozi wa duka la pili, aliyepata jina hilo kwa sababu runinga ya mtaa iko saluni kwake na yeye ndiye anayeamua watu wazima wenye familia zao watazame nini. Utamkuta Breki, dereva mstaafu wa malori, aliyeitwa hivyo na waliomsikia akisimulia safari zake, maana ndicho kitu pekee alichopungukiwa. Mkabala nao amekaa Mama Birika, muuza kahawa, juu ya kigoda chake mwenyewe; benchi halikalii, anasema linaambukiza uongo. Na pembeni kabisa, kwenye kiti kifupi, yupo mwenye nyumba, fundi viatu, mgane wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Soli. Soli ni msikilizaji mzuri, si kwa tabia bali kwa kazi: kutwa ana misumari midogo midomoni, na mtu wa namna hiyo akitaka kubisha lazima kwanza aiteme kiganjani. Mpaka amalize, mada imeshabadilika.

Siku ya habari hii walimkuta amewapa mgongo. Amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati limemchomoka, anagongelea misumari ukutani kando ya mlango wake, juu ya benchi. Si ile ya viatu. Misumari hasa, ya kupaulia nyumba, mirefu kama kidole cha kati, imepangwa kwa mstari juu kidogo ya kichwa cha mtu.

— Fundi, ukuta umekukosea nini? — Rimoti akauliza.

Soli akagonga.

— Si nakuuliza wewe? Unatundika nini, picha?

Akagonga tena.

— Mwache, — akasema Mama Birika huku akimimina kahawa. — Mtu akiianza siku yake juu ya ndoo, ana lake moyoni.

Soli akashuka. Akatema misumari midogo aliyokuwa nayo mdomoni, maana hata kazi ya ukuta alikuwa anaifanya na misumari ya viatu mdomoni, kwa mazoea. Walipoona ameitema yote, wakajua jambo ni zito.

— Pa kutundikia viatu, — akasema. — Wakwe wanakuja leo alasiri.

Habari za wakwe hao kijiwe kilikuwa nazo. Bintiye Soli ni fundi wa lifti. Siku moja aliitwa kwenye jengo la ofisi, lifti imekwama katikati ya ghorofa na watu ndani. Wote waliokuwamo walikuwa wakipiga kelele na kumwita kila mtume wanayemjua, isipokuwa kijana mmoja, mpima ardhi, aliyesogea kwenye ufa wa mlango akamwuliza fundi kwa upole kama ameshapata chakula cha mchana. Binti akacheka, bisibisi ikamdondoka ikaanguka hadi chini kabisa, na tangu siku hiyo mpima ardhi akawa anapanda lifti ya jengo lile hata siku ambazo hana shughuli nalo. Kijana mzuri. Ana adabu, ana kazi, anasikiliza. Ana kasoro moja tu: ni mtu wa ng'ambo ya mto.

Na watu wa ng'ambo ya mto kila mtu pale kijiweni aliwajua, kwa sababu kila Ijumaa jioni saluni kwa Rimoti hapakuwa na pa kuweka mguu. Ndiyo saa ya mchezo wenye mhusika anayeitwa Pekupeku, mtu wa ng'ambo, anayetembea na viatu vyake ameviunganisha kamba na kuvitundika shingoni ili visiishe. Akiambiwa afanye haraka, anajibu kwa sauti ya puani, taratibu kama mtu anayevuta gari bovu: "Polepole, viatu vyangu vitachoka." Hapo saluni nzima huanguka kwa kicheko, na kuna mteja aliyewahi kutoka pale nusu kichwa kimenyolewa.

— Umefanya jambo la heshima, — Rimoti akasema akiikagua misumari. — Mgeni unampokea kwa anachokizoea. Viatu vikitoka shingoni, viwe na pa kukaa.

— Ndivyo nilivyofikiri, — Soli akasema. — Binti yangu ameniomba asubuhi, akiwa na begi lake la vifaa mlangoni: "Baba, nakuomba kitu kimoja tu. Leo usiniaibishe." Sasa mama yake angekuwepo, ningemwuliza yeye. Hayupo. Nimebaki na ninyi.

— Umebaki na watu, — Breki akasema.

— Umebaki, — Mama Birika akasema, akaishia hapo.

Soli akakaa kwenye kiti chake, akavuta kitu kilichofunikwa kwa kitambaa safi chini ya meza yake ya kazi. Akakifunua nusu. Viatu vyeupe vya kike, ngozi laini, mshono mdogo usioonekana mpaka uusogelee. Alikuwa akivishona kwa siri tangu binti alipomtajia kijana, usiku usiku, na mguu wa pili ulikuwa haujawekwa soli.

— Hivi ni vya harusi. Kwa hiyo naomba mniambie ukweli. Mimi nimemlea mtoto kwa soli za watu. Nimemsomesha kwa soli za watu. Leo nimtoe kwa watu ambao soli haiwahusu? Nitakaa nao vipi? Tutazungumza nini?

Mtu akiuliza swali kama hilo mahali pengine, atahurumiwa. Pale kijiweni alijibiwa.

— Mimi nakwambia, — Rimoti akaanza, maana pale hakuna aliyewahi kufungua mdomo bila maneno hayo, — kwanza zungumza nao kwa sauti kubwa na polepole. Wale neno linawafikia kwa kuchelewa. Humwoni Pekupeku? Anaambiwa utani Ijumaa hii, anacheka Ijumaa ijayo.

— Na usiwakazanie kukaa, — Breki akaongeza. — Mimi nakwambia, wale wanaweza kulala wamesimama. Nimeendesha lori nchi hii yote, nimeona. Na miguu yao ina soli ya kuzaliwa nayo. Nilimwona mmoja amekanyaga chupa iliyovunjika. Chupa ndiyo iliyopelekwa hospitali.

— Ulimwona kwa macho yako? — Soli akauliza.

— Haya hapa.

— Breki, — Rimoti akasema taratibu, — hiyo ilikuwa Ijumaa ile ya mvua. Ulikuwa umekaa kwenye kiti changu cha kunyolea.

— Basi si nilikuwa nimeona kwa macho yangu?

Mama Birika akaangua kicheko, kahawa ikamwagika kwenye sahani. Breki hakutikisika. Dereva wa malori akishashika njia, anageuzia mbele huko huko.

— Hayo madogo, — akaendelea. — Kubwa ni la siku ya harusi. Mimi nakwambia, bibi harusi wa kule anavuliwa viatu vyake mlangoni, vinatupwa mtoni. Vyote viwili. Maana yake: umefika, huendi tena popote.

Soli alikuwa amekwisha kurudisha misumari miwili mdomoni. Akaitema.

— Vinatupwa?

— Mtoni.

— Hata vikiwa vya ngozi?

— Vya ngozi ndiyo vinazama vizuri.

Soli akavitazama viatu vyake vyeupe. Akavifunika polepole, kama mtu anayemfunika mtoto, akavirudisha chini ya meza. Tangu hapo nyundo yake haikupiga sawasawa.

Ndipo alipotokea mwanamke mmoja kwenye kona, anachechemea, hatua moja juu, hatua moja chini. Mtu wa makamo, gauni la bluu limepigwa pasi mpaka limenyooka kama karatasi, mtandio wa rangi hiyo hiyo, mkoba ameubana kwapani. Alipofika akasimama, akashusha pumzi, akatabasamu kwa shida.

— Habari za hapa, ndugu zangu.

— Njema, mama! Karibu!

— Fundi ni yupi?

Wote wakamwonyesha Soli, kana kwamba kati yao yule mwenye nyundo mkononi na gundi kwenye ndevu angeweza kuwa mwingine.

— Kisigino kimenikatikia njiani.

— Pole sana. Rimoti, msogelee Breki, mama akae. Mama Birika, mpe mgeni kahawa, iwe juu yangu.

Akakaa, benchi likainama, naye akainama nalo bila kulalamika. Misumari ilikuwa juu ya kichwa chake kabisa. Soli akakipokea kiatu, kirefu, chembamba, kisigino kinaning'inia kwa uzi mmoja wa ngozi. Akakigeuza, akakunja uso, akaitema misumari. Hiki kilikuwa kipande chake cha kujivunia, na hakuna mteja aliyekikosa.

— Mimi mtu namjua kwa kiatu chake kabla hajafungua mdomo, — akasema. — Wewe mama ni mtu wa hapa hapa mjini. Umezaliwa hapa. Kisigino kimelika upande wa nje: una haraka na una amri nyumbani. Soli imelika mbele: kazi yako ni ya kusimama. Wewe ni mwalimu.

— Ni vya mdogo wangu, — mwanamke akasema. — Nimeviazima.

— Basi mdogo wako ni mwalimu.

— Mdogo wangu ni mshonaji. Anakaa kutwa nzima.

Breki alicheka mpaka akashika ukuta. Soli akarudisha misumari mdomoni, akaanza kupaka gundi.

— Usimchukulie vibaya, mama, — Rimoti akasema. — Leo hayupo sawa. Tuko kwenye shauri la ndoa. Huyu fundi anapata wakwe kutoka ng'ambo ya mto.

Soli akakohoa kwa nguvu, lakini kwa mdomo wenye misumari kikohozi hakina maana inayoeleweka.

— Kumbe! — mgeni akasema, akapuliza kahawa yake. — Na wakoje hao watu?

Rimoti alikuwa anangoja maisha yake yote aulizwe swali hilo na mtu mpya. Akasimama. Akavua viatu vyake, akaviunganisha kwa kamba zake, akavitundika shingoni. Akatoa kitambi mbele, akapanua vidole vya miguu vumbini, akaanza kutembea mbele ya benchi kama mtu aliyebeba mlango kichwani.

— Pooolepole, — akasema kwa puani, — viatu vyangu vitaaachoka.

Mgeni akauvuta mtandio mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika. Breki akamwona, akafurahi. Mtazamaji mpya ni neema.

— Ngoja nikupe la harusi, — akasema, akamsimulia habari ya viatu kutupwa mtoni, na mara hii mto ulikuwa umefurika na palikuwa na wapiga ngoma.

— Vinatupwa na nani? — mgeni akauliza.

— Mama mkwe. Ndiyo kazi yake. Mama wa bwana harusi.

— Kwa mkono upi?

— Wa kushoto, — Breki akajibu bila hata kupepesa.

— Aa. — Mgeni akatikisa kichwa kama anayejaribu kukumbuka kitu. — Wa kushoto.

Akanywa kahawa, akatazama kulia, akatazama kushoto. Kutoka kwenye kona ile, ukinyoosha shingo kidogo kulipita duka la nguo, unaliona daraja. Si kubwa. Kuna watu wanaolivuka wakiwa wameshika aiskrimu na inafika upande wa pili haijayeyuka.

— Hivi, — akasema, — kati yenu ni nani amewahi kuvuka?

Gari likapita. Rimoti akajikuna kisogo.

— Mimi saluni siwezi kuiacha hivi hivi.

— Mimi nilivuka, — Breki akasema. — Nadhani. Nilikuwa nimelala. Utingo ndiye alikuwa kwenye usukani.

— Mimi, — akasema Mama Birika, — kahawa naiuzia palipo na watu wasio na kazi. Sijahitaji kwenda mbali.

Mgeni akageuka kwa Soli. Soli akatikisa kichwa: hapana. Aliona haya kidogo, ila hakujua ni haya ya nini.

— Nauliza tu, — mgeni akasema. — Kwa sababu huko ng'ambo nako kuna mchezo. Wa redio. Kila Jumamosi, watu wanaacha kupika. Kuna mhusika mmoja mtu wa upande huu, anaitwa Mzee Benchi.

— Wa upande huu? — Rimoti akasimama palepale.

— Wa upande huu hasa. Mzee Benchi hajawahi kufika popote, lakini hakuna asichokijua. Asubuhi mpaka jioni yuko na kikombe mkononi. Nyumba ya jirani ikiungua, anaeleza moto ulivyoanza wakati wenzake wanabeba maji. Na kila anaposema neno anaanza hivyo hivyo, watoto wote wa kule wanamwigiza. — Akainua kikombe chake, akatoa kidole kimoja hewani, akakaza sauti. — "Mimi nakwambia!"

Breki aliruka kama aliyekalia kaa la moto.

— Huo ni uonevu! — akafoka, kahawa ikimdondokea kwenye magoti. — Mimi nakwambia, sisi hatuko hivyo hata kidogo!

Mama Birika aliweka birika chini, akainama, akauficha uso wake kwenye magoti. Kwa muda mrefu kilichoonekana kwake ni mgongo tu, unapanda na kushuka. Breki akasikia alichokisema. Akakitazama kikombe mkononi mwake kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi, akatafuta mahali pa kukiweka, akakosa, akakishikilia.

— Lakini ule wetu ni mchezo tu, — Rimoti akasema, viatu vikimning'inia shingoni.

— Na wetu ni mchezo tu, — mgeni akasema.

Soli hakucheka sana. Alikuwa amepiga magoti sasa, anakijaribu kiatu kwenye mguu wa mgeni, na alikuwa ameona kitu. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, ngozi nyuma ya kisigino imechunika. Akaitema misumari.

— Mama, hiki kiatu kimekukatikia wapi?

— Kituoni.

— Kituo kile cha mabasi cha kule chini? Umetembea na kisigino kilichokatika kutoka kule mpaka hapa? Mguu umeumia. Si ungevivua tu uvishike mkononi? Barabara yenyewe lami.

Mgeni akauweka mtandio vizuri begani, ingawa ulikuwa vizuri.

— Nilivivua, — akasema. — Nikavishika mkononi, kama unavyosema. Sikufika mbali. Muuza magazeti mmoja akapaza sauti, "Jamani, Pekupeku amefika mjini!" Kituo kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Halafu nikavivaa tena. — Akanyoosha mguu, akautazama. — Miaka yote mimi navaa viatu vya chini. Hivi virefu nimeviazima kwa ajili ya leo, ili mtu asije akasema. Wenzangu wanakuja alasiri, kaka yangu na wengine. Mimi nikatangulia. Nikasema, kama mkwe ni fundi viatu, basi nitaanzia kwake, atanitazamia kisigino kabla watu hawajaniona. Nilipofika mmenipokea vizuri, mmenipa kahawa. Nikasema nitajitambulisha mkinyamaza kidogo.

Akamwangalia Rimoti, akamwangalia Breki.

— Hamkunyamaza.

Walinyamaza wakati huo. Rimoti akaanza kuvitoa viatu shingoni, taratibu, kwa kidole kimoja, kana kwamba akifanya hivyo polepole vya kutosha itaonekana havikuwahi kuwepo. Kamba ikamnasa sikioni. Soli alikuwa bado amepiga magoti na mguu wa mama mkwe mkononi, na kichwani mwake palikuwa na sauti moja tu, ya binti yake na begi la vifaa mlangoni: kitu kimoja tu, baba.

— Mkwe, — akasema, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. — Sijui nianzie wapi.

— Anzia kwenye kisigino.

— Kisigino gundi inakauka. Mimi nina jingine. — Akafikia chini ya meza, akavitoa viatu vyeupe, akavifunua vyote. Alijua ni upumbavu, lakini swali lilikuwa limekaa kooni tangu asubuhi, na akiliacha halitamtoka. — Hivi ni vya binti yangu. Nisamehe nikuulize. Utavitupa?

Mama mkwe akavichukua. Akapitisha kidole kwenye mshono, akageuza ule uliokuwa na soli, akauweka kwenye mwanga.

— Kwa mkono wa kushoto siwezi, — akasema. — Una baridi yabisi. Na mto wenyewe mwezi huu hauzamishi hata kandambili. — Kisha akaacha utani. — Umeshona kwa mkono?

— Kwa mkono.

— Vyote?

— Huo mguu wa pili bado soli.

— Basi malizia, mkwe. Kazi yangu mimi siku hiyo itakuwa kumshika mkono asikanyage matope.

Soli akavipokea. Alitaka kusema asante, akagundua kwamba ana vumbi machoni, akageuka kutafuta kitambaa. Breki akapata nafuu, akaketi vizuri. Mama Birika akamwongezea mgeni kahawa bila kuulizwa. Hali ikaanza kuwa hali ya watu tena, na ingebaki hivyo kama mama mkwe asingeegemea ukuta, akainua macho.

Akaitazama misumari. Akaitazama kwa utulivu, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

— Na hii, — akauliza, — ni ya nini?

Mpaka leo Soli hajui kama aliuliza kwa kutokujua au kwa kujua. Anachojua ni kwamba kijiwe kile, ambacho kilikuwa na jibu la vita vyote, la bei ya mafuta na la kwa nini mwezi haudondoki, hakikuwa na jibu. Rimoti alikagua kucha zake. Breki alikuwa anasoma maandishi chini ya kikombe. Mama Birika aliitikisa birika karibu na sikio, kama aliyesikia inamwita.

Soli akaitazama misumari yake. Mizuri. Imenyooka. Aliipima kwa kamba. Kisha akakaa kwenye kiti chake kifupi, akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akafunga kamba zao pamoja. Akapanda kwenye ndoo, akavitundika kwenye msumari wa kwanza. Akashuka, akasimama peku mbele ya mkwe wake, kwenye vumbi la mlango wake mwenyewe, vidole vya miguu vimejikunja kwa haya.

— Ni ya hivi, — akasema.

Hakuna aliyecheka. Rimoti, ambaye viatu vyake vilikuwa vimeshafungwa tayari, akatundika vyake msumari wa pili. Breki alisitasita, ikabidi Mama Birika amkazie macho. Alipovua, ikajulikana kwa nini: soksi moja ilikuwa ya kijani, nyingine haikuwa na mbele. Mama Birika akazitundika kandambili zake, akisema zilikuwa zinamchosha. Mama mkwe aliwaangalia wote wanne wamejipanga ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Halafu mabega yakaanza tena, lakini safari hii hakuuvuta mtandio. Alicheka wazi, kichwa nyuma, kicheko kikubwa cha mtu aliyebanwa na viatu vya mdogo wake tangu alfajiri. Akauvua ule mguu mzima wa kiatu uliobaki, akampa Soli autundike wa tano.

Walikuwa hivyo hivyo, peku wote watano, wakati binti yake Soli alipotokea kwenye kona. Alikuwa ameomba ruhusa kazini arudi mapema, ili aoshe vyombo na apitishe macho nyumbani kabla wageni hawajafika. Akasimama. Akaona ukuta. Akaona ndoo. Akamwona mama wa mchumba wake, ambaye amewahi kumwona mara moja tu, kwa heshima zote, amekaa kwenye benchi bovu bila viatu, mguu mmoja umewekwa juu ya kiti cha kazi cha baba yake, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Begi la vifaa likamteleza begani.

— Shikamoo mama, — akasema kwanza, maana alilelewa. Kisha akageuka. — Baba. Nilikuomba kitu gani asubuhi?

Soli akachukua misumari midogo kutoka kiganjani, akairudisha yote mdomoni, akainamia kile kisigino kama daktari mwenye mgonjwa mahututi.

— Nani amegongelea misumari ukutani? — binti akauliza. — Hii ni ya nini?

Rimoti akamtazama Breki, Breki akamtazama Mama Birika, Mama Birika akaipindua birika ili kila mtu aone kwamba imekwisha na kwamba yeye hahusiki tena. Mama mkwe akampigapigia binti mahali pa kukaa kando yake, upande ule wa mguu mfupi wa benchi. Akainua kikombe chake kitupu, akatoa kidole kimoja hewani.

— Mwanangu, — akasema, — mimi nakwambia...